Baba aliunda bombomu, mwana akapigania hewa iwe ya wote: maisha ya Hiram Percy Maxim

Nyie vijana mliokaa kafe muda huu, jicho moja kwenye skrini, jingine kwenye saa ya kulipia. Leo tuweke pembeni mpira na siasa kidogo. Tunamleta mzee mmoja wa Kimarekani aliyefariki mwaka 1936. Hakuwahi kukanyaga Songea wala Lusewa, lakini jina la ukoo wake lilifika huku kwetu mapema sana, na kwa ubaya.

Kila mwezi Februari watu hukusanyika pale Makumbusho ya Maji Maji, Songea mjini, kuwakumbuka mashujaa wa Kingoni walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906. Habari hiyo inajulikana toka Songea mpaka Namtumbo, Lusewa na vijiji vya mpakani na Msumbiji. Tunasimuliwa dawa ya maji, tunasimuliwa Nduna Songea Mbano, tunasimuliwa njaa iliyofuata. Ila jina la aliyebuni silaha iliyowamaliza babu zetu halitajwi sana. Silaha yenyewe ni bunduki ya mashine. Tarehe 30 Agosti 1905 wapiganaji waliivamia boma ya Wajerumani kule Mahenge wakiwa wengi, na bunduki za namna hiyo zikawafyeka. Wazee waliita bombomu.

Mbunifu wa bunduki hiyo ni Hiram Stevens Maxim, Mmarekani aliyeiunda London mwaka 1884. Malkia na wafalme wakaitaka, akatajirika, akapewa na cheo cha Sir mwaka 1901. Huyo ndo baba mtu. Sisi leo tunamzungumzia mwanawe, Hiram Percy Maxim, ambaye alitumia miaka mingi ya maisha yake kwenye starehe moja isiyomwingizia hata senti: redio za ridhaa.

REDIO ZA RIDHAA NI NINI?

Kabla hatujaenda mbali tuelewane. Si redio ya kusikiliza taarabu na taarifa ya habari. Ni mtambo wa kupokea NA kurusha, kama ile redio kol iliyokuwa misheni na hospitali za vijijini, au simu ya upepo ya polisi. Tofauti ni kwamba mwenye redio ya ridhaa hafanyi kazi ya mtu. Anafanya mtihani, anapewa leseni na serikali, anapewa jina lake la hewani la herufi na namba, halafu anaita tu hewani: yupo yeyote anayenisikia? Akijibiwa na mtu wa Japani au wa Brazili, wanasalimiana, wanapeana hali ya hewa na ubora wa mawimbi, baadaye wanatumiana kadi kwa posta kama ushahidi. Biashara marufuku. Kulipana marufuku. Kuficha ujumbe kwa lugha ya siri marufuku.

Kwa kifupi ni kuchati na watu usiowajua, miaka mingi kabla ya intaneti. Tena mtambo wenyewe wengi walijiundia kwa mikono yao.

UTOTO WA PERCY

Alizaliwa Brooklyn, New York, tarehe 2 Septemba 1869. Baba alikuwa fundi wa kila kitu, mwenye akili nyingi na vituko vingi, ila nyumbani hakai. Mwaka 1881 baba akapanda meli kwenda kwenye maonyesho ya umeme Paris, kisha akahamia Uingereza. Hakurudi tena kuishi na familia ile. Percy alikuwa na miaka 12 hivi, akabaki na mama yake Jane na dada zake wawili. Huko London baba akapata mwanamke mwingine na utajiri. Wale waliolelewa na mama peke yake huku baba ana jina kubwa mjini, hapa mtamwelewa jamaa bila maelezo marefu.

Kichwa alirithi. Mwaka 1886, kabla hajafikisha hata miaka 17, akamaliza masomo ya ufundi kwenye chuo cha MIT. Akaajiriwa kwenye viwanda vya umeme, kisha akawa msimamizi wa kiwanda cha makombora kule Lynn, Massachusetts. Usiku watu wakilala yeye anahangaika na wazo la kutengeneza chombo kinachojiendesha bila farasi. Alianza kwa kudondoshea matone ya petroli kwenye ganda tupu la kombora na kuwasha kiberiti aone nguvu yake. Akaona! (Wadogo zangu msijaribu, huyo aliponea chupuchupu.) Mwaka 1895 akachukuliwa na kampuni ya Pope ya Hartford, Connecticut, iliyokuwa maarufu kwa baiskeli, akaanza kuwaundia magari. Mwaka 1899 akashinda mbio za magari kwenye uwanja wa mzunguko pale Branford. Desemba 1898 alikuwa amemwoa Josephine Hamilton, binti wa aliyewahi kuwa gavana wa Maryland.

Halafu kikaja kitu kilichompa pesa. Inasimuliwa kuwa alikuwa akiangalia maji yanavyozunguka yakitoka kwenye bafu, akajiuliza kama moshi wa bunduki nao ukizungushwa hivyo hautatoka polepole bila kelele. Mwaka 1909 akapata hataza ya kiwambo cha kuzuia sauti ya bunduki, kile mnachokiona kwenye filamu za majasusi. Yaani baba kaunda bunduki yenye kelele kuliko zote, mwana kaunda cha kuzimisha kelele. Baadaye ufundi ule ule kampuni yake ikautumia kwenye mitambo na injini, mambo ya eksozi hayo.

Tusimpake rangi ya malaika. Kiwambo cha bunduki ni kiwambo cha bunduki, na kimeua watu. Lakini si hicho kilichomfanya akumbukwe na watu wa kila bara.

UJUMBE ULIOSHINDWA KUFIKA

Redio aliianza akiwa mtu mzima wa miaka 40 na kitu, na aliyemwingiza ni mtoto wake wa kiume. Nyumbani Hartford wakafunga mtambo wa cheche. Enzi hizo hakuna sauti, ni kugonga alama za Morse, nukta na mistari. Cheche zinaruka, chumba kizima kinanuka umeme.

Mwaka 1912, miezi michache baada ya meli ya Titanic kuzama, bunge la Marekani likatunga sheria ya redio. Watu wa ridhaa walilaumiwa kwa kuchafua hewa, hivyo wakasukumwa kwenye mawimbi ya mita 200 kushuka chini na nguvu isizidi kilowati moja. Wataalamu wa siku hizo waliamini mawimbi mafupi namna hiyo hayafiki popote. Ni sawa na mtu akugawie shamba kwenye mwamba, halafu akutakie kilimo chema. Shikeni hilo, tutalirudia.

Aprili 1914 Percy alikuwa anatafuta valvu ya redio, kitu adimu wakati ule. Akasikia kuna kijana wa Springfield anayo ya kuuza. Kutoka Hartford hadi Springfield ni kama kilometa 40, umbali mfupi kuliko Songea na Namtumbo. Akagonga mtambo wake wa kilowati moja usiku ule... wapi! Hausikiki. Lakini alimjua mwenzake mwenye redio pale Windsor Locks, katikati ya njia. Akampa ujumbe yule, yule akaupeleka Springfield, jibu likarudi kwa njia hiyo hiyo.

Mtu mwingine angefurahia valvu yake na kulala. Percy akawaza mbali. Kama mmoja katikati ametosha kwa Springfield, basi wakijipanga watu 10 au 20 ujumbe unavuka nchi nzima bila kulipia simu wala telegrafu. Fikiria mtu wa Lusewa anampa ujumbe mtu wa Namtumbo, huyo anampa wa Songea, wa Songea anampa wa Njombe, wa Njombe anampa wa Iringa, mpaka Dar es Salaam. Bure. Kinachotakiwa ni kila mmoja awe macho saa aliyoahidi na asiuharibu ujumbe wa mwenzake.

Mwezi ule ule akalipeleka wazo kwenye klabu ya redio ya Hartford, akiwa na kijana aitwaye Clarence Tuska. Hapo ikazaliwa Ligi ya Marekani ya Kupokezana kwa Redio, ARRL, ambayo mpaka leo ipo. Miezi michache tu vituo zaidi ya 200 vikawa vimejiunga. Desemba 1915 wakatoa jarida lao, QST. Mwanzoni mwa 1917 ujumbe ukatoka New York ukafika California na jibu likarudi kwa saa 1 na dakika 20. Wengi waliokesha kuupokea na kuupitisha ule ujumbe walikuwa vijana wa umri wenu, kwenye mabanda na vyumba vya juu vya nyumba za wazazi wao.

SERIKALI INAITAKA HEWA YOTE

Aprili 1917 Marekani ikaingia vitani. Amri ikatoka: redio zote za ridhaa zifungwe, hata antena zishushwe. Maelfu ya vijana hao wakachukuliwa jeshini maana walishajua Morse na ufundi. Huku kwetu vita hiyo hiyo ilikuwa inawamaliza wapagazi wa jeshi la Waingereza na la Wajerumani, na Novemba 1917 Von Lettow akavuka mto Ruvuma kuingia Msumbiji.

Vita ikaisha Novemba 1918. Wale vijana wakategemea kurudi kwenye mitambo yao. Kumbe jeshi la majini la Marekani lilikuwa limeonja utamu. Ukapelekwa mswada bungeni ili redio yote ya nchi iwe chini ya wanamaji moja kwa moja. Maana yake raia wa kawaida asiguse hewa tena.

Hapa ndipo tunapoona uzito wa Percy. Ligi ilikuwa hoi kifedha, wanachama wametawanyika vitani, jarida limesimama. Yeye akafunga safari hadi Washington, akakaa mbele ya kamati ya bunge na kuwatetea. Hoja yake ilikuwa rahisi. Hawa vijana ndio walioisaidia nchi ilipopata shida, na ufundi wao waliupata kwa sababu waliachiwa kucheza. Mkiwafungia leo, kesho mtawatoa wapi? Wanachama nao wakawaandikia wabunge barua nyingi. Mswada ukafa. Vita imekwisha lakini ruhusa ya kurusha ilicheleweshwa mpaka tarehe 1 Oktoba 1919. Ligi ikakopa kwa wanachama wake wenyewe na kulinunua jarida kutoka kwa Tuska, likawa mali ya chama.

Kwa nchi kama zetu, ambako redio kwa miaka mingi ilikuwa moja na ya serikali, swali la hewa ni ya nani si geni. Wengine walidai kwa maandamano, huyu alidai kwa kuonyesha faida. Mnaweza kubishana ipi njia bora, uwanja ni wenu.

SHAMBA LA MWAMBA LINATOA MAZAO

Sasa turudi kwenye ile mita 200. Desemba 1921 ligi ikamtuma mtu wake, Paul Godley, mpaka Ardrossan, Scotland. Akakaa kwenye hema, baridi na mvua, anasikiliza. Akawanasa vijana wa Marekani wakigonga kutoka ng'ambo ya bahari ya Atlantiki! Wakashuka chini zaidi, kama mita 110, na Novemba 1923 Fred Schnell wa Hartford na John Reinartz wakazungumza kwa Morse na Mfaransa Léon Deloy aliyekuwa Nice. Oktoba 1924 mwanafunzi mmoja wa London akaongea na mfugaji wa New Zealand, karibu upande wa pili kabisa wa dunia.

Imekuwaje? Mawimbi mafupi yakirushwa juu hugonga tabaka la hewa lenye chaji za umeme, yanarudishwa chini mbali sana, yanadunda tena. Kwa hiyo mtambo mdogo, wenye nguvu ya balbu chache tu, unafika alikoshindwa mkubwa. Makampuni na serikali zilizowatupia watu wa ridhaa lile shamba zikaja mbio kulitaka.

Na faida yake tuliipata sisi. Masafa mafupi ndiyo yaliyoleta idhaa ya Kiswahili ya BBC kuanzia 1957 na ya Ujerumani kuanzia 1963 mpaka kwenye vijiji ambavyo FM ilikuwa ndoto. Mzee aliyekaa barazani Lusewa na redio yake ya mkulima, waya umening'inizwa kwenye mwembe, anasikia habari za dunia usiku, alikuwa anakula matunda ya vijana waliofukuzwa kwenye mawimbi marefu.

Aprili 1925 watu wa ridhaa wa nchi nyingi wakakutana Paris wakaunda umoja wao wa kimataifa, IARU. Rais wa kwanza wakamchagua Percy. Mtoto wa mtu wa bombomu, miaka saba tu baada ya vita, anawakalisha meza moja watu ambao nchi zao zilitoka kuuana. Baba yake hakuyaona hayo, alifariki London mwezi Novemba 1916, vita ikiendelea na bunduki za mashine zikifyeka watu pande zote.

MZEE WA MASIHARA

Msidhani alikuwa mtu wa mikutano tu. Kwenye jarida la QST kulikuwa na mwandishi mmoja mkorofi aliyejiita Mzee. Kazi yake kulalamika: watu wanarusha hovyo, wanaingiliana, hawana adabu hewani. Aliandika kwa vichekesho mpaka watu wakawa wananunua jarida wamsome yeye kwanza. Alibuni hata chombo cha kutisha cha kuwaadhibu wakorofi wa hewani, akakipa jina lisilo na maana yoyote. Miaka mingi wasomaji walijiuliza ni nani. Percy alipofariki ndo ikatangazwa rasmi kuwa Mzee alikuwa rais wao mwenyewe. Jina bandia mtandaoni halikuanza na nyie, vijana!

Alipenda pia kupiga filamu, akaanzisha chama cha wapiga filamu wa ridhaa mwaka 1926. Alipenda nyota, akaandika kitabu kuhusu uhai kwenye ulimwengu. Na mwisho wa maisha yake akaandika kitabu kuhusu baba yake, kikatoka 1936. Ungetegemea kijana aliyetelekezwa amwage sumu. Hakufanya hivyo. Alimchora baba kama mtoto anavyomwona: mcheshi, wa ajabu, asiyetabirika, na msomaji anajionea mwenyewe penye pengo. Hollywood wakakifanya filamu mwaka 1946.

Februari 1936 yeye na mkewe walikuwa kwenye treni kuelekea California. Koo likamshika njiani, hali ikawa mbaya, akateremshwa La Junta, Colorado. Tarehe 17 Februari akafariki, miaka 66. Akazikwa Hagerstown, Maryland, nyumbani kwa wakwe zake.

Jina lake la hewani lilikuwa 1AW, baadaye W1AW. Kwa kawaida mtu akifa jina linaweza kupewa mwingine. Wenzake wakaomba jina lile lipewe kituo cha chama kwa kumbukumbu, na mwaka 1938 kikajengwa kituo Newington, Connecticut. Mpaka leo W1AW ipo hewani, inafundisha Morse na kutoa matangazo.

NA SISI JE?

Tanzania tunayo herufi zetu za hewani. Ukisikia jina linaanza na 5H, huyo yuko kwetu. Kenya ni 5Z, Uganda 5X. Kabla ya uhuru Tanganyika ilikuwa VQ3. Leseni inatolewa na mamlaka ya mawasiliano, TCRA. Waliopo ni wachache, na wengi wa waliosikika miaka iliyopita walikuwa wageni, wamisionari na wataalamu. Wakati huo huo kwenye kituo cha anga cha kimataifa kuna redio ya ridhaa, na wanaanga huongea na watoto wa shule kupitia hiyo.

Mtaniambia simu ipo, ya nini kuhangaika na waya? Ni kweli, lakini simu inategemea mnara, mnara unategemea umeme na kampuni. Mafuriko yakija, barabara ikikatika, mnara ukizima, mtu mwenye betri ya gari, waya mrefu na ujuzi bado anaongea. Tena fundi redio wetu wa mitaani, anayefufua redio kwa risasi na waya wa kuokota, tayari ana nusu ya elimu inayotakiwa. Kinachokosekana ni klabu, mtihani kujulikana, na mtu wa katikati kama yule wa Windsor Locks.

Haya wadau, uwanja wenu. Wenye baba au babu waliokuwa na redio kol misheni, jeshini au hospitali, tupeni habari. Wana Lusewa, Ligera, Namtumbo, Songea mpo? Na wale wa vyuo vya ufundi, kuna shule yoyote yenye klabu ya redio? Mwageni maoni hapo chini. Watu wa redio za ridhaa hawaagani kwa maneno mengi, wao hutumia namba tu kutakiana heri. Basi na mimi nawaachia hiyo hiyo: 73.